Hita ya Pikapu ya Baba

Kabla hujagusa gari la mtu, panda ukae kwenye kiti cha abiria. Kiti cha dereva kiache, kila fundi anakikimbilia kile. Kaa kwa abiria, funga mlango, nyamaza. Dereva atakueleza gari lake linavyopaswa kwenda, lakini abiria ndiye anayejua linavyomsumbua.

Somo hilo sikulipata darasani. Darasa nililiacha mapema, tena bila ugomvi na mwalimu yeyote, kwa sababu nyumbani kulikuwa na midomo mitatu inayonitazama mimi. Jina langu ni Maduhu. Nimekuwa fundi umeme wa magari hapa Somanda, Bariadi, tangu nina ndevu za kuhesabika hadi zimekuwa nyeupe. Sasa nimestaafu. Mgongo ndio uliotangulia kustaafu, mimi nikaufuata. Vijana wa gereji niliyoiacha bado wananipigia simu: mzee, gari hili linafanya hivi, tuanzie wapi? Nimeona niwaandikie, kwa sababu kwenye simu huwa mnakata kabla sijamaliza.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Nkwabi. Msidhani alikuwa mtu mpole. Alikuwa na nyusi moja tu, ya pili aliunguza na cheche ya betri akiwa kijana na haikuota tena vizuri, kwa hiyo hata akicheka ulidhani anakushuku. Chakula chake cha mchana kilikuwa matobolwa, yale ya viazi vilivyochemshwa na kukaushwa, na aliyaweka ndani ya sanduku la spana. Yalinuka grisi. Ukimwambia, anajibu, "Ndiyo maana koo langu halikwaruzi."

Alikuwa na sheria moja iliyowaudhi wenye haraka. Hafungui boneti kabla ya salamu. Na salamu zetu za Kisukuma mnazijua, haziishii kwenye neno moja. Namkumbuka mwenye pikapu mmoja kutoka Sapiwi, aliyekuwa akibeba ng'ombe kupeleka mnadani. Alisimamisha gari na kuruka nje kama anayefukuzwa na nyuki.

"Fundi, nikikanyaga breki taa za nyuma zinafanya mambo yake! Askari wamenisimamisha mara..."

"Mwangaluka," akasema Mzee Nkwabi.

"Mwangaluka. Sasa hizi taa..."

"Mhola?" Yaani, ni salama?

"Mhola duhu. Fundi, mimi nina ng'ombe..."

"Ng'ombe wako hawajambo?"

"Hawajambo."

"Wanakojoa vizuri?"

Yule mtu akanitazama mimi kana kwamba anataka niseme kama mzee amelewa. Mzee Nkwabi akaendelea kutafuna tobolwa lake.

"Nakuuliza hivi, gari unaliosha nyuma ukishashusha ng'ombe?"

"Nioshe ya nini? Kesho si napakia wengine?"

Shida ikawa imepatikana na boneti haijaguswa. Mkojo wa ng'ombe ulikuwa unachuruzika kwenye fremu ya nyuma na kula ile sehemu ambapo waya wa ethi umefungwa kwenye bodi. Ethi, kwa msomaji asiye fundi, ni njia ya umeme kurudi nyumbani kwenye betri. Njia ya kurudi ikizibwa, umeme hautulii. Unapitia kwa jirani. Ndiyo maana ukikanyaga breki unaona indiketa inawaka, na ukiwasha indiketa taa ya namba inakonyeza. Tulifungua bolti moja, tukasugua kutu mpaka chuma kikang'aa, tukarudisha na kupaka grisi. Wiki iliyotangulia, gari kama lile nilikuwa nimelibadilishia balbu zote za nyuma, na halikupona. Mzee Nkwabi alikuwa ameniona nikifanya hivyo na hakuniambia kitu. Alingoja huyu wa Sapiwi aje ili nisikie mwenyewe.

Sasa niwaambie habari ya pikapu ya baba, maana ndiyo iliyonipeleka kwake.

Mama alitangulia. Baba akamfuata kabla pamba ya msimu uliofuata haijapandwa. Tukabaki wanne: mimi, pacha Kulwa na Doto ambao ni wasichana, na Shija kitinda mimba. Kulikuwa na nyumba, shamba la pamba, na pikapu kuukuu ya dizeli ambayo rangi yake mtu mwingine angeiita ya maziwa na mwingine ya vumbi. Baba aliitumia kubebea pamba za watu kutoka mashambani hadi kwenye ghala la kununulia, na baada ya msimu akabeba kila kilichotaka kubebwa.

Ukoo ukakaa. Baba mdogo, jina lake Sayi, ndiye aliyeongoza kikao. Hakuwa mtu mbaya, msije mkamchukia. Alihesabu kwa vidole kama mtu anayegawa mzigo mzito ili usimwelemee mmoja. Kulwa angekwenda kwa shangazi huko Nkoma. Doto angekwenda kwa ndugu wa mama. Shija angemchukua yeye. Mimi nilikuwa mkubwa, ningejitafutia. Pikapu, kwa kuwa ilikuwa inazima njiani kila mara na hakuna aliyejua sababu, ingebadilishwa na mitamba kwa mtu aliyekuwa akiitamani kwa ajili ya injini, na mitamba ingefuata watoto huko walikogawiwa.

Nikaomba kusema.

"Baba mdogo, pikapu ikitembea, tutakula. Msitutenganishe."

"Ikitembea," akasema. "Baba yako mwenyewe ilikuwa ikimlaza njiani, na alikuwa anaijua kuliko mke wake."

Watu wakacheka kidogo, cheko la msibani. Lakini baba mdogo akasema neno lililonipa usingizi na kuninyima usingizi. "Msimu wa pamba ukikaribia kufunguliwa, nitakuja. Nitapanda hiyo pikapu kutoka hapa hadi Nkoma na kurudi. Ikinirudisha bila kusukumwa, nyumba yenu ni yenu. Ikilala, nawachukua watoto siku hiyohiyo."

Ndiyo hivyo nikaisukuma pikapu, mimi na majirani, hadi gereji ya Mzee Nkwabi, nikamwambia sina cha kumpa isipokuwa mikono yangu. Akaitazama ile mikono, mbele na nyuma.

"Hii inajua kuchunga?"

"Nimechunga."

"Ng'ombe akipotea unamtafuta wapi?"

"Naanzia pale alipoonekana mwisho. Nafuata kwato."

"Basi umeme unaujua nusu. Zizi lake ni betri. Ukipotea, usikimbilie porini kubahatisha. Anzia zizini, fuata kwato."

Hiyo ndiyo elimu yangu yote, vijana. Mengine ni nyongeza. Alinitengenezea testa kwa balbu ya indiketa na nyaya mbili. Waya mmoja unabana kwenye chuma cha bodi, wa pili unagusa. Gusa betri: balbu inawaka, ng'ombe yupo. Gusa kabla ya fyuzi, gusa baada ya fyuzi, gusa kwenye swichi, gusa kwenye taa. Pale balbu inapokataa kuwaka, ng'ombe amepotea kati ya hapo ulipo na pale ulipotoka. Leo mna mita zenye namba na mashine za kuchomeka kwenye gari zikawaeleza ugonjwa. Ni vizuri, nami nimezitumia. Lakini pikapu za zamani hazina mahali pa kuchomeka mashine hiyo, na mkoani kwetu Simiyu zimejaa. Tengeneza testa uiweke mfukoni.

Ugonjwa wa pikapu ya baba ulikuwa huu. Inawaka vizuri asubuhi. Inakwenda. Ikifika mbali kiasi cha mtu kuanza kuiamini, injini inazima, kimya. Ukifungua kisanduku cha fyuzi unakuta moja imeungua. Weka nyingine, inawaka. Fyuzi hiyo ndiyo ilipeleka umeme kwenye sumaku ya pampu inayofungulia injini dizeli. Fyuzi ikikatika, sumaku inafunga, dizeli haipiti. Hapo tulielewa kwa nini inazima. Hatukuelewa kwa nini fyuzi inaungua.

Tulifuata kwato kutoka kwenye fyuzi hadi pampu. Waya ni mzima. Sumaku tukaipima, nzima. Tukabadilisha kipande cha waya hata hivyo, kwa kukosa la kufanya. Tukazunguka nayo Somanda, ikaenda. Mimi nikafurahi. Mzee Nkwabi hakufurahi.

"Tumeona fisi gani?" akaniuliza.

"Hakuna."

"Kwa hiyo yuko wapi?"

Maana alikuwa akiniambia hivi kila siku: fyuzi ni mchungaji. Akipiga mwano, lile yowe la kuita watu ng'ombe wanapovamiwa, usimpige mchungaji, mtafute fisi. Watu wengi fyuzi ikiungua wanampiga mchungaji. Wanatoa ile karatasi inayong'aa ndani ya pakiti ya sigara, wanaiviringisha, wanaweka mahali pa fyuzi. Gari linakwenda, kwa sababu mchungaji ameshazibwa mdomo. Fisi anakula taratibu. Siku moja unaona moshi kwenye deshibodi.

Baba mdogo akaja msimu ulipokaribia, kama alivyosema. Alivaa koti lake la kikao. Kulwa, Doto na Shija walikuwa mlangoni, wameoga, kama watoto wanaongoja kupigwa picha, na kando ya mlango niliona vifurushi vya nguo. Vilikuwa vimefungwa tayari. Shangazi, aliyekuwa amekuja kutoka Nkoma, ndiye aliyevifunga asubuhi hiyo, kwa nia njema, ili wasihangaike ikiwa itabidi. Shija alikuwa amekalia cha kwake.

Mimi sikuwa na leseni, kwa hiyo Mzee Nkwabi akashika usukani. Baba mdogo akakaa upande wa abiria. Mimi nikapanda nyuma, mgongo kwenye kioo, nikisikiliza injini kama unavyosikiliza pumzi ya mgonjwa.

Njia ya Nkoma siku hizo ilikuwa mashimo na vumbi, na pande zote pamba ilikuwa imefunguka, nyeupe hadi macho yanauma. Tukafika Nkoma. Tukageuza. Moyo wangu ukaanza kuimba. Tukiwa tumeshavuka makorongo mawili katika kurudi, injini ikanyamaza. Pikapu ikaserereka peke yake, ikasimama katikati ya pamba.

Niliruka chini kabla haijasimama. Mzee Nkwabi alikuwa ameshafungua kisanduku cha fyuzi.

"Imeungua?" nikauliza.

"Imeungua."

"Tuna nyingine?"

Akapapasa sandukuni, chini ya matobolwa. "Iko hii moja. Ni ya mwisho."

Baba mdogo akateremka, akikung'uta vumbi la suruali yake, akikanyaga chini kwa nguvu, mguu mmoja halafu wa pili.

"Pikapu yenu ina jiko?" akasema. "Miguu yangu imeiva! Kutoka Nkoma nimekaa kama mtu aliyekanyaga makaa. Ningekuwa na mahindi ningechoma."

Hakuna aliyecheka. Akaona uso wangu, akalegea kidogo. Akatoa pakiti yake ya sigara, akachana ile karatasi inayong'aa, akaninyooshea.

"Chukua, Maduhu. Weka hii, twende. Si mnafanya hivyo nyinyi mafundi? Sikuona kitu. Ikitufikisha, imetufikisha."

Vijana, nataka mwelewe nilikuwa wapi. Ile karatasi ingetufikisha nyumbani. Baba mdogo mwenyewe alikuwa ananionea huruma, ananipa mlango wa kupita. Vifurushi vitatu vilikuwa vinaningoja mlangoni. Nilimtazama Mzee Nkwabi, naye akatazama pamba, ile nyusi moja imenyanyuka.

Nikaishika karatasi. Nikaikunja. Nikawaza: wiki ijayo pikapu hii itakuwa imejaa pamba, na juu ya pamba watakaa watu, na huenda mmoja wao ni Kulwa.

"Hapana, baba mdogo," nikamwambia. "Wabeja, nakushukuru. Lakini hapana."

"Basi imelala."

"Haijalala. Nipe muda wa sigara moja."

Akawasha sigara, akakaa kwenye ukingo wa barabara. Akaivuta polepole. Kwa hilo pia nilimshukuru.

Mimi nikapanda, nikakaa kwenye kiti cha abiria. Sikujua kwa nini. Pengine ni kwa sababu kiti cha dereva kilikuwa na Mzee Nkwabi na hakuonyesha dalili ya kuondoka. Kiti kilikuwa bado cha moto. Nikaweka miguu pale ilipokuwa miguu ya baba mdogo, na ndipo maneno yake yakanirudia. Makaa. Kutoka Nkoma.

Nikasogeza mkono chini ya deshibodi. Chuma cha lile boksi la hita kilikuwa cha moto.

Nieleze kidogo. Hita ninayoisema si zile plagi zinazopasha injini ya dizeli asubuhi ili iwake. Ni ile ya kupasha joto chumba cha dereva. Pikapu hizi zimetengenezwa kwa ajili ya nchi zenye baridi pia, kwa hiyo zina boksi chini ya deshibodi. Maji ya moto ya injini yanaletwa humo kwa mipira miwili, na feni inapuliza hewa juu yake. Koki ndiyo inafungulia na kuzuia maji. Huku kwetu nani anaihitaji? Kwa hiyo koki haiguswi miaka na miaka, inaganda ikiwa wazi, na joto linaingia daima. Hilo ni la kawaida. Lakini joto la boksi peke yake halifiki kumchoma mtu miguu namna ile. Lazima kuna upepo unaolisukuma.

"Mzee," nikasema, "feni ya hita nani ameiwasha?"

"Hakuna anayeiwasha. Kitufe chake kimevunjika tangu enzi za baba yako."

"Kimevunjikia wapi? Kwenye kuzima au kwenye kuwaka?"

Mzee Nkwabi akageuka akanitazama. Halafu akachukua ile fyuzi ya mwisho, akaipachika, akafungua swichi ya gari bila kupiga stata. Injini kimya. Barabara kimya. Akainua kidole.

Na tukasikia. Kwenye mngurumo wa dizeli, au kelele za gereji, usingeisikia hata kwa miaka kumi. Chini ya miguu yangu kulikuwa na kitu kinakoroma, kizito, kama mzee aliyelala na mafua.

"Fisi," akasema Mzee Nkwabi, akazima haraka.

Feni ilikuwa inazunguka siku zote, kwenye fyuzi ileile ya sumaku ya pampu. Ilikuwa inazunguka kwa taabu, ikichoka, ikipata moto, na ikishindwa kabisa ilivuta umeme mwingi, fyuzi inakatika, na dizeli inafungwa. Ikipoa, inaanza tena. Tulikuwa tumefuata kwato za ng'ombe mmoja, kumbe zizi lilikuwa na mlango wa pili.

Lakini kwa nini inazunguka kwa taabu? Nikalala chali kwenye sakafu ya pikapu, miguu nje barabarani, nikaingiza mkono kwenye tundu la pembeni ya boksi. Vidole vyangu vikakuta kitu laini. Nikavuta. Ikatoka pamba, imekuwa nyeusi kwa vumbi, ina harufu ya utambi uliozimwa. Nikavuta tena, pamba. Nikavuta tena, ikaja na kitambaa.

Mtu wa nchi nyingine angeziba tundu kwa gazeti au kwa gunia. Kwetu sisi kila kitu kinazibwa kwa pamba: godoro, sikio, ufa wa dirisha. Mtu aliyeziba lile tundu alidhani joto linatokea pale. Kumbe tundu lile ndilo feni inapovutia hewa. Kila alichokishindilia, feni ilikinyonya kidogo kidogo, uzi kwa uzi, mpaka ikajifunga yenyewe kama pia iliyozungushiwa uzi.

Nikatoka chini na kile kitambaa mkononi. Kilikuwa kipande cha kitenge, kimeshonwa kama mfuko mdogo wa kuwekea pamba, mshono mkubwa mkubwa wa mkono usiozoea sindano. Kimechakaa upande wa ndani, ulioelekea feni. Upande wa nje rangi ilikuwa bado ipo: bluu, na ndege wa njano.

Baba mdogo alikuwa amesimama. Sigara imeisha, hakuitupa.

"Lete," akasema.

Akakishika kwa mikono miwili.

"Hiki ni cha shemeji. Cha mama yako." Akageuza, akatazama mshono. "Alikuwa anakaa hapo mbele miguu ameikunja kitini, viatu amevua. Kila safari. Mimi nikimcheka, nikimwambia, shemeji unakaa kama kuku anayeatamia. Anasema, mwambie kaka yako, gari lake linanichoma. Na kaka alikuwa ananijibu, nitalitengeneza." Akapitisha kidole kwenye mshono. "Kumbe alilitengeneza."

Tulisimama pale, watu watatu na pamba pande zote. Nilikuwa nimewahi kumwona baba akishona siku moja tu, na alinifukuza nisiangalie. Nilidhani anashona kiatu.

Mzee Nkwabi ndiye aliyetutoa pale. Alisema, "Haya, fundi, mgonjwa amefunguliwa tumbo, mnamlilia au mnamshona?" Nikachomoa waya wa feni, nikaufunga ncha kwa kipande cha mpira ili usiguse chuma. Kazi ya kuisafisha feni ingengoja gereji. Tukawasha, na fyuzi ya mwisho ikatufikisha Somanda, na ikaendelea kuwa ya mwisho kwa miezi mingi baada ya hapo.

Tulipofika, watoto walikuwa palepale mlangoni. Baba mdogo akashuka, akaenda moja kwa moja kwa Shija, aliyekuwa bado amekalia kifurushi chake, akamwinua, akakifungua kile kifurushi yeye mwenyewe, fundo gumu la shangazi, kwa meno. Akatoa shati, akamkabidhi Doto.

"Rudisha ndani, mwanangu. Mimi nakwenda kumwambia yule mtu abaki na mitamba yake."

Kile kipande cha kitenge aliniachia. Hakukiomba.

Mzee Nkwabi alinishauri hita niing'oe kabisa, niunganishe ile mipira miwili ya maji, moja kwa nyingine, shida iishe. Ndivyo mafundi wengi wanavyofanya, na siwakatazi. Ingekuwa pikapu ya mteja, ningeing'oa. Hii niliisafisha, nikatafuta koki nzima kwenye gari bovu, nikaweka kitufe kipya, na feni nikaipa fyuzi yake peke yake ili isije ikazima injini tena. Andikeni hilo: mzigo unaoweza kugoma usiuweke kwenye fyuzi moja na kitu kinachoendesha gari. Na hita nzima ina kazi hata huku. Rejeta ikianza kuchemka na uko mbali, fungua hita yote na feni, vumilia jasho; unaipunguzia injini joto hadi ufike penye maji. Usifungue kifuniko cha rejeta ikiwa ya moto. Nina kovu la kuwaonyesha.

Lakini sikuitengeneza kwa sababu hiyo. Asubuhi za katikati ya mwaka, upepo wa mbugani unapopita Bariadi ukiwa mkali, nami nimeshapata leseni, niliwapeleka wadogo zangu shule kabla sijaanza kubeba mizigo. Wote watatu walibanana mbele, magoti yanagongana, na kila mmoja alitaka kukaa karibu na lile tundu. Walikuwa na wimbo wao wa kugombania zamu, sitauandika, una matusi ya kitoto. Nilikuwa nawasha hita, na chumba kinajaa joto na harufu kidogo ya pamba ambayo haijatoka hadi leo. Walisoma wote. Kila mmoja alitoka katika nyumba ile kwa mlango, siku yake ilipofika, na si kwa kifurushi kilichofungwa na mtu mwingine.

Pikapu ipo. Imelala uani kwangu, tairi mbili hazina upepo, lakini betri naichaji na umeme wake haujawahi kupotea tena. Mwezi uliopita Doto alikuja kunitazama, yeye sasa ni bibi, ana wajukuu wanaomsumbua. Jua lilikuwa kali, kuku wamejificha. Akaizunguka pikapu, akafungua mlango wa abiria, akapanda kwa taabu.

"Kaka, inawaka?"

"Kwa nini isiwake?"

Nikakaa kwenye usukani, nikapasha plagi, nikapiga stata. Ikakohoa, ikashika. Doto akavua viatu, akaikunja miguu juu ya kiti. Hakumkumbuka mama akikaa hivyo, alikuwa mdogo mno, hakuna aliyemfundisha.

"Fungua hita," akasema.

"Doto, na jua hili?"

"Fungua, kaka."

Nikafungua.